Watu 41 kwenye orodha, saba kwenye reidi

Swali: Habari za leo, kaka. Miezi minne iliyopita nilianzisha chama chetu cha wachezaji kwenye gemu la mtandaoni la World of Warcraft. Orodha sasa ina majina 41, lakini siku ya reidi, yaani ya kuwavamia mabosi kwa kikosi, tunaingia saba, tukijitahidi sana wanane. Wiki iliyopita bosi tuliyemshinda aliangusha ngao. Tulikuwa tumekubaliana nigawe mimi, na walioitaka walikuwa wawili. Niliyemnyima aliondoka usiku uleule na rafiki zake watatu, na waliobaki wananinunia. Je, niongeze watu, nivunje chama nianze upya, au nimpe mtu mwingine uongozi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole. Najua uzito wa kufungua orodha asubuhi ukakuta majina manne hayapo. Kwa wiki tatu zijazo usifanye lolote kati ya hayo matatu. Ukiongeza watu leo, utawaleta kwenye nyumba isiyo na utaratibu, nao watatoka kwa mlango uleule. Ukivunja, utaanza upya na tatizo lilelile. Ukimwachia mwingine uongozi, utakuwa umemkabidhi ugomvi ambao hakuuanzisha.

Anza na hiyo 41. Hayo ni majina ya wahusika wanaochezeshwa ndani ya gemu, na mtu mmoja anaweza kuwa na wahusika watatu au wanne ndani ya chama kimoja. Fungua orodha, uipange kwa tarehe ya mwisho ya kuonekana, kisha chukua karatasi uandike watu, wala si wahusika. Asiyeonekana kwa miezi miwili usimhesabu. Usimfukuze, maana hajakukosea, ila usimhesabu. Nikifanya zoezi hili na viongozi wa vyama, mara nyingi wanaishia na watu kumi na kitu, na wengi wanashtuka. Mimi naona ni habari njema, kwa sababu kuanzia hapo unajua unachokiongoza.

Kisha mfuate kila mmoja wa hao faraghani, umuulize swali moja. Usimuulize kama anapenda reidi, kila mtu atasema anapenda. Muulize hivi: "Kwa wiki sita zijazo, unaweza kuwa ndani Jumatano na Jumapili, kuanzia 20:00 hadi 22:30 kwa saa ya seva?" Atakayejibu "nitajitahidi" mshukuru na umwandike pembeni. Atakayejibu "Jumapili naweza, Jumatano nina zamu kazini" huyo amekupa taarifa ya thamani kuliko yule aliyesema ndiyo bila kufikiri. Saa nayo iandike kwa namba za saa ishirini na nne na kwa saa ya seva, yaani mtambo unaoendesha gemu. Nimeshuhudia kikosi kizima kikingojana kwa sababu kiongozi aliandika "saa mbili" tu, nusu wakaisoma kwa Kiswahili na nusu kwa saa ya kompyuta.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo viongozi wengi wanapojilaumu bure. Tuseme unao watu 10 waaminifu, na kila mmoja anahudhuria mara tisa katika kila reidi kumi. Huyo ni mchezaji wa kuaminika sana, maana ana kazi, ana familia, na mtandao wake hukatika kama wa mtu mwingine yeyote. Je, uwezekano wa wote 10 kuwepo usiku mmoja ni upi? Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara kumi, unapata kama asilimia 35. Yaani usiku mbili kati ya tatu utakuwa na pengo, na hakuna aliyefanya kosa. Kwa kikosi cha 20 mambo ni magumu zaidi: asilimia 12 tu.

Sasa ongeza watu wawili. Ukiwa na 12 wenye uaminifu uleule, uwezekano wa kupata angalau 10 unapanda hadi karibu asilimia 89. Ukiwa na 13, ni karibu asilimia 97. Kwa hiyo tofauti kati ya kikosi kinachosuasua na kinachotembea ni watu wawili au watatu waliotoa ahadi, wala si majina thelathini yaliyojazwa kwenye orodha. Hesabu hii inachukulia kwamba dharura ya mmoja haihusiani na ya mwingine. Ndiyo maana kuondoka kwa marafiki wanne kwa pamoja kunauma kuliko kuondoka kwa wanne wasiojuana: walikuwa wakija pamoja, wakikosa pamoja, na wameondoka pamoja. Utakapoanza kuongeza watu, pokea marafiki wawili kwa moyo mkunjufu, lakini wakija watano kwa mkupuo jua umepokea kikundi ndani ya kikundi.

Bahati yako ni kwamba gemu la leo linakuhurumia. Mwaka 2004 lilipotoka, reidi kubwa kama Molten Core zilikuwa za watu 40, na kiongozi alikuwa kama karani wa shule, kutwa anaita majina. Mwaka 2007 likaja toleo la Burning Crusade, reidi kubwa zikashuka hadi 25, na Karazhan ikawa ya watu 10. Fikiria wewe ndiye kiongozi wa watu 40 usiku ule: unawagawa makundi ya kumi kumi, yupi ni kundi la kwanza, yupi la pili? Baadaye unawaunganisha wawe 25, nani abaki nje? Waliozoeana kwa miaka miwili walijikuta wanagombea viti. Siku hizi, katika ngazi ya kawaida na ile ya juu yake, reidi hujipima yenyewe kuanzia watu 10 hadi 30. Wakija 10 mnaingia, wakija 13 mnaingia wote, bila mtu kuachwa benchi. Ni ngazi ngumu kuliko zote, Mythic, pekee inayodai watu 20 kamili, na kwa hali yenu ya sasa, sahau Mythic. Nasema hivyo kwa nia njema kabisa. Kikosi cha 12 kinachomaliza ngazi ya kawaida kikiwa na furaha kina maisha marefu kuliko cha 20 kinachokopa watu kila wiki.

Kuhusu nafasi sitasema mengi, maana nadhani unazijua. Kwenye pango la watu watano anahitajika tanki mmoja wa kupokea mapigo, mponyaji mmoja na washambuliaji watatu. Kwenye reidi ya watu 10 weka matanki wawili, waponyaji wawili au watatu, na wengine wote washambulie. Ila tazama jambo moja: tanki na mponyaji hawabadilishiki kirahisi. Mshambuliaji mmoja akikosa, pambano linarefuka kidogo. Tanki akikosa, usiku umekwisha. Kwa hiyo wale wawili wa ziada tuliowapigia hesabu wasiwe washambuliaji tupu. Mmoja awe mshambuliaji mwenye tabaka, yaani aina ya mhusika, linaloweza kugeuka kuwa tanki, mwingine awe anayeweza kuponya. Waombe wajifunze kazi hizo mbili kwenye mapango madogo, siku ambazo hakuna kinachopotea. Hao ndio utakaowaita dakika tano kabla ya kuanza, tanki wako atakapoandika kwamba mtoto anaumwa.

Ukishajua nafasi zilizo wazi, andika tangazo lako. Matangazo mengi kwenye chati ya seva yanasema "Chama chenye upendo kinatafuta wachezaji wa aina zote, karibuni sana." Mtu akisoma hilo hajui kama anahitajika. Jaribu namna hii: "Tuko 9. Tunacheza Jumatano na Jumapili, 20:00 hadi 22:30 saa ya seva, ngazi ya kawaida. Tunatafuta mponyaji mmoja na mshambuliaji wa mbali mmoja. Utajaribiwa kwa wiki tatu, nawe utujaribu sisi. Ngawira tunagawa kwa kete, sheria zimeandikwa, uliza utumiwe." Watajibu wachache. Lakini kila atakayejibu atakuwa ameshaangalia ratiba yake na kuona inaingiliana na yenu.

Katika zile wiki tatu, uwezo wa kupiga usikutishe sana. Mtu hufundishika kupiga. Angalia kama anafika dakika kumi kabla, kama anakuja na dawa zake, na zaidi ya yote sikiliza anasema nini baada ya kikosi kufa mara ya nne kwa bosi yuleyule. Kuna anayesema, "Nilichelewa kutoka kwenye moto, samahani, turudi." Kuna anayesema, "Mponyaji amelala?" Wa kwanza ana thamani hata kama takwimu zake ziko chini kwa robo. Wa pili atakugharimu mponyaji.

Sasa tuje kwenye ngao.

Nimewahi kuwa mahali ulipokuwa wewe. Usiku mmoja tulimwangusha bosi aliyetusumbua kwa wiki tano. Maiki zote zikalipuka kwa kelele, mmoja wetu hata alikuwa analia. Kisha dirisha la ngawira likafunguka, na ndani yake mlikuwa na panga moja ambalo watu watatu walilihitaji. Kelele zikakatika. Nilisikia feni ya kompyuta ya mtu. Nikampa aliyekuwa amekaa nasi muda mrefu zaidi, na mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Sawa," akazima maiki. Uamuzi wangu unaweza kutetewa hata leo. Lakini sheria niliyoitumia, ya kwamba mkongwe hutangulia, niliitunga palepale, huku panga likiwa tayari linaonekana. Kwa yule aliyekosa haikuwa sheria, ilikuwa upendeleo uliopewa jina. Wiki mbili baadaye hatukuwa na kikosi.

Naamini ndicho kilichotokea kwenu. Mlikubaliana kwamba wewe ndiye utakayegawa, lakini hamkukubaliana utagawa kwa kigezo gani. Mtu anaweza kuvumilia kukosa. Kinachomshinda ni kukosa kwa sababu ambayo hakuijua kabla.

Tatizo hili ni la tangu zamani. Mwaka 1999, wakati wa gemu la EverQuest, vikosi vilikuwa vikiwawinda madragoni wawili, Nagafen na Vox, kwa umati wa watu na ngawira chache mno. Hapo ndipo ulipobuniwa mfumo wa alama uitwao DKP, yaani alama za kuua dragoni: ukihudhuria unapata alama, ukitaka kitu unazilipa. Ni mfumo wa haki kwa kikosi kikubwa ambacho watu wake hawajuani. Udhaifu wake ni kwamba wakongwe hurundika alama, na mgeni huona mlima asioweza kuupanda. Wengine hutumia baraza: watu watatu au wanne wanaamua kitu kimfae nani kwa ajili ya kikosi kizima. Mkiaminiana, hakuna njia inayoimarisha kikosi haraka kuliko hiyo. Ikiwa imani ina ufa, baraza litaupanua ufa huo kila wiki, mbele ya watu.

Watengenezaji wa gemu wenyewe wamehangaika nalo. Kuanzia 2018 World of Warcraft iliondoa kabisa nafasi ya mgawaji, kila mtu akawa anapata chake moja kwa moja, hadi mwaka 2022 ilipourudishia reidi mgawo wa kundi, ule wa kutangaza haja na kurusha kete. Kwa hiyo maamuzi yamerudi mikononi mwenu, pamoja na ugomvi wake.

Kwa chama chako cha sasa nakushauri kete, na sheria tatu tu. Anayekihitaji kitu kwa kazi anayoifanya kwenye reidi hiyo hutangulia mbele ya anayekitaka kwa kazi yake ya pili. Aliyekwisha kushinda kitu usiku huo husubiri mpaka wenzake wenye haja sawa na yake warushe kwanza. Aliye kwenye wiki za majaribio ana haki ya kurusha kama wengine. Baada ya hapo, namba kubwa kati ya 1 na 100 inashinda, nawe kiongozi unarusha kama wengine, bila msamaha na bila ziada. Baraza linaweza kungoja hadi mtakapokaa pamoja mwaka mzima. Sasa hivi watu hawaamini jicho lako, na kete haina jicho. Waandikie sheria hizo kwenye ujumbe wa chama, uzisome kwa sauti kabla ya bosi wa kwanza, kila wiki, hata wakisema wamezikariri. Mtu akitaka kuzibadilisha, mjadili siku isiyo na reidi.

Jambo la pili la kuandika ni mamlaka. Gemu linakuruhusu kuwa na ngazi za vyeo hadi 10, na chama kipya hupenda kugawa vyeo kama pipi. Cheo si shukrani. Kila cheo kina funguo: nani anaalika, nani anafukuza, nani anachota kwenye benki ya chama na mara ngapi kwa siku. Ukitaka kuona funguo zinavyoweza kuumiza, tazama gemu jingine, EVE Online. Mwezi Februari 2009 muungano mkubwa ulioitwa Band of Brothers, uliotawala eneo pana la anga la gemu hilo, ulivunjwa na mtu mmoja wa ndani aliyekuwa na mamlaka ya juu, alipoamua kuhamia upande wa maadui zao, Goonswarm. Meli zote za vita walizokuwa nazo hazikuwasaidia kitu, kwa sababu kitufe cha kuvunja kilikuwa halali yake kukibonyeza.

Chama chako hakina himaya, lakini kina benki yenye dawa na dhahabu za watu. Weka kikomo kidogo cha kuchota kwa siku, na uifungue kumbukumbu ya benki mara moja kwa wiki. Haki ya kufukuza iwe na watu wawili tu, wewe na mwingine. Huyo mwingine ndiye anayejibu lile swali lako la kuachia uongozi. Usiachie chote, gawa. Kuongoza chama ni kazi ya kusikiliza watu, kupanga ratiba, kuandika. Kuongoza reidi ni kazi ya sauti, ya kuona mambo saba kwa mara moja na kutamka moja. Ni nadra mtu mmoja kuziweza zote mbili kwa usiku uleule bila kuchoka. Kama kati ya wanane wako kuna anayesema "sogea kushoto" kabla yako, na watu wanasogea, mpe sauti ya reidi. Tena umpe mbele ya wote, ukisema wazi kwamba pambano likianza nawe unamtii.

Kwenye usiku wenyewe ninayo machache ya kusema. Anzeni saa mliyosema hata kama mko tisa. Anayefika mapema akikuta mnamngojea anayechelewa, wiki ijayo naye atachelewa. Katikati pumzikeni dakika kumi. Malizeni saa mliyosema, hata kama bosi amebaki na asilimia tatu ya uhai. Najua inauma, na wengine watapiga kelele "moja tu ya mwisho". Lakini yule aliyemwahidi mwenzi wake kwamba atazima saa 22:30 anapima ahadi yako hapo. Mara chache ukiongeza muda, uliza kwanza, na aseme mwenye haraka zaidi, si mwenye sauti kubwa zaidi.

Anayekosea pambanoni usimrekebishe kwa jina mbele ya wote zaidi ya neno moja la kazi. Mengine yapeleke faragha baada ya reidi, na kwa sauti ikiwezekana, si kwa maandishi. Maandishi hayana uso. Sentensi kama "umefanya nini pale?" ukiitamka kwa upole ni swali, ukiiandika inasomeka kama hukumu.

Sasa hao waliobaki na kununa. Usiwaitie mkutano wa kuulizana nani hakupendezwa. Mfuate kila mmoja, na wakati ule wa kuuliza ratiba ongeza maneno haya: "Siku ya ngao niliamua bila kigezo tulichokubaliana. Hilo ni kosa langu. Kuanzia sasa tutatumia hivi," kisha mtumie zile sheria tatu. Usitetee uamuzi. Usieleze kwa nini aliyepewa alistahili, maana utakuwa unaurudisha ugomvi mezani huku aliyeipokea ngao akizidi kuona aibu. Huyo naye msemeshe, kwa sababu katika ugomvi kama huu mshindi huwa anabeba lawama kimyakimya, na anaweza kuwa wa tano kuondoka.

Kisha mwandikie aliyeondoka. Ujumbe mfupi wenye maneno yaleyale, bila kumwomba arudi na bila kuwataja rafiki zake. Akirudi, aingie kwa sheria mpya kama kila mtu, bila kupewa kitu cha kumfuta machozi. Asiporudi, utakuwa umeacha mlango wazi kwa mtu mnayecheza naye seva moja, ambaye mtakutana tena pangoni.

Wiki ya kwanza tumia kuhesabu watu na kuzungumza nao mmoja mmoja. Ya pili, ingieni reidi na idadi yoyote iliyopo, kwa saa mpya na sheria mpya, hata kama mtaangusha mabosi wawili tu. Ya tatu, andika tangazo la nafasi zilizo wazi. Baada ya hapo niandikie uniambie mlikuwa wangapi kila usiku, na nani alichelewa kwa sababu gani. Nikiwa na orodha hiyo tunaweza kuamua kama siku zenu mbili ni zilezile au zinahitaji kuhamishwa.